Walimhamisha kwa Nyimbo

Waliomtoa Mama Pasi nyumbani kwake walikuwa wanaimba. Vijana wa kwaya walishuka ngazi na kitanda, na meza, na jiko, na godoro lililokunjwa katikati, sauti ya kwanza mbele, besi nyuma. Kila walipofika kona ya ngazi wimbo ulisimama kidogo mpaka miguu ya meza ipite, kisha ukaendelea palepale ulipoishia. Majirani walitoka kwenye veranda za juu kutazama. Mmoja akauliza kama kuna msiba. Akajibiwa kuwa hapana, ni upendo.

Mama Pasi alikuwa amesimama chini karibu na bomba, amekumbatia saa ya ukutani ambayo hakutaka mtu mwingine aishike. Jina hilo alilipata hospitalini, alikokuwa akipiga pasi mashuka na makoti ya madaktari, na lilishamganda kiasi kwamba hata kanisani hakuna aliyekumbuka jingine. Mumewe aliitwa Fundi, maana alikuwa fundi bomba, na wiki chache kabla ya siku hiyo aliteleza juu ya tangi la maji la watu akaanguka, mguu ukavunjika sehemu mbili. Nao walikaa ghorofa ya tatu, katika maghorofa ya umma ambayo lifti haijawahi kuwekwa hata siku moja. Kila siku ya kliniki Fundi alibebwa mgongoni, mtu mzima na ndevu zake, huku watoto wa jengo zima wakimsindikiza.

Tuseme haki: kanisa lao halikuwa la maneno matupu. Habari zilipofika, lilisimama. Mkuu wa kamati ya matendo ya huruma alikuwa Mzee Ratiba, mzee wa kanisa aliyepewa jina hilo kwa sababu hata kupiga chafya alionekana kama amekupangia muda. Jumapili moja, katikati ya matangazo, alimwita Mama Pasi mbele ya watu wote. Akatangaza kwamba familia ile itahamia chumba cha wageni cha kanisa, ambacho kiko chini, hakina ngazi, mpaka Fundi atembee. Na wakiwa huko, vijana watawatengenezea nyumba yao, waipake rangi, iwe zawadi. Makofi yakavuma hadi mabati yakatetemeka.

"Mama, unasemaje?" Mzee Ratiba akamwekea maikrofoni mdomoni.

Mama Pasi alitaka kusema kwamba yeye angeridhika na wanaume wawili wenye nguvu siku za kliniki, na mtu wa kumpandishia maji jioni. Hilo tu. Alikuwa amelipanga kabisa moyoni. Lakini watu walikuwa wanampigia makofi, wengine wanalia kwa furaha, na mtu hawezi kukataa wema mbele ya umati bila kuonekana ana kiburi.

"Nashukuru," alisema. Ndivyo walivyohama.

*

Chumba cha wageni kilijengwa kwa ajili ya wahubiri wa kutoka mbali. Kilikuwa na zulia ambalo hulikanyagi na viatu, kitanda cha mtu mmoja, na dirisha lililotazama uwanja wa kanisa, kwa hiyo kila aliyepita aliona ndani na kila aliyeona alisalimia. Vyombo vyao vilirundikwa stoo pamoja na viti vya plastiki. Fundi alilala kitandani, Mama Pasi na binti yao wa shule wakatandika chini, na kila asubuhi waliamshwa na maombi ya alfajiri upande wa pili wa ukuta.

Akina mama walileta chakula kwa zamu. Chakula kilikuwa kizuri, lakini kila bakuli lilifuatwa na mwenyewe, akakaa kidogo, akauliza nyama ilikuwaje, akatazama kama sahani ya zamu iliyopita imeoshwa. Siku moja Mzee Ratiba alikuja na wageni kutoka makanisa mengine, watu wa suti, akawasimamisha mlangoni.

"Hii ndiyo ile familia niliyowaambia," alisema.

Wageni wakaitazama familia. Fundi alikuwa na bukta, mguu wenye plasta umeegeshwa juu ya ndoo. Mama mmoja mwenye kofia akamuuliza binti kama anasoma kwa bidii. Binti akajibu ndiyo, shikamoo, na walipogeuka akawatolea ulimi. Mama yake aliona, akajifanya hakuona.

Jambo moja lilimkereketa Mama Pasi tangu wiki ya kwanza, akalingoja mpaka akampata Mzee Ratiba peke yake.

"Mzee, si tungewaambia watu wa bodi ya nyumba kwamba tumetoka kwa muda tu?"

"Ya nini?"

"Wajue. Ile sheria..."

"Sheria ile tuliileta sisi wenyewe, mama. Itatuuma sisi?" Mzee Ratiba alicheka. "Ukienda kule wataanza maswali. Nani kawaruhusu kupaka rangi? Rangi gani? Mtajaza makaratasi mpaka mguu wa Fundi upone wenyewe. Serikali ikae na yake, sisi tuna yetu. Hatuombi kibali cha kutendeana mema."

Ni kweli sheria waliileta wao. Mwaka uliotangulia mchungaji alihubiri mfululizo habari za mtoto aliyezaliwa zizini wakati milango ya watu imefungwa. Akasema waziwazi kwamba kwenye maghorofa ya umma kuna nyumba zimepigwa kufuli na wenyewe wanaishi kwingine, wanawashikia binamu zao, au wanazipangisha kwa siri, huku watu walio kwenye foleni wanazeeka. Makanisa kadhaa yakaenda kwa bodi na vitambaa vilivyoandikwa maneno makubwa. Vitambaa vile alivipiga pasi Mama Pasi mwenyewe, akavinyoosha mpaka herufi zikasimama vizuri. Bodi ikasalimu amri: nyumba ikikaa tupu miezi miwili, inapewa anayefuata kwenye foleni, na hakuna mtu kuruka foleni kwa sababu yoyote. Kanisa lilishangilia siku ile, na Mama Pasi naye alishangilia, akiwafikiria wale wenye makufuli makubwa.

Rangi ilichelewa. Ilikuwa ya kuchangiwa, ikaja kopo moja moja kutoka kwa waumini mbalimbali, kila mmoja na iliyombakia. Vijana walikuwa na nafasi Jumamosi tu, na Jumamosi ndiyo siku ya harusi. Mguu wa Fundi nao ulikuwa na ukaidi wake wenyewe. Miezi ikasogea, na Mama Pasi, ambaye kazini alisimama mbele ya mvuke wa pasi kutwa nzima, jioni alirudi kwenye zulia lile la wahubiri shingo upande.

*

Jumapili ya ushuhuda ilipofika, wa kwanza kusimama alikuwa Mama Funguo, jambo lililowashangaza watu, maana alikuwa mwanamke wa kukaa nyuma. Yeye ndiye aliyefagia kanisa. Alishika funguo zote, za ofisi, za stoo, za sanduku la sadaka, ndipo likaja jina. Mumewe alikufa zamani. Yeye na wanawe wawili walilala katika chumba cha majoho nyuma ya madhabahu: godoro lilitandikwa mazoezi ya kwaya yakiisha, na likakunjwa kabla ya maombi ya alfajiri. Jina lake liliingia kwenye foleni ya nyumba za umma akiwa na mtoto wa mwisho mgongoni. Mtoto huyo sasa alikuwa anamsaidia kupanga viti.

"Bwana asifiwe," alisema Mama Funguo. "Mimi si msemaji. Ijumaa nimeitwa na bodi. Nimepata nyumba."

Kanisa lilipasuka. Watu walisimama, vigelegele vikapigwa, mpiga ngoma akapiga bila kuambiwa. Mama Pasi alipiga makofi mpaka viganja vikamuwasha. Machozi yalimlengalenga, kwa kuwa yeye na mwanamke yule walitumia bomba moja la kufulia, na aliyajua maisha yake.

"Afisa kanifungulia nikaona kwa macho yangu," Mama Funguo aliendelea. "Ghorofa ya tatu. Mlango wa mwisho kwenye veranda, mlango wa kijani. Na jamani, imepakwa rangi! Mpya kabisa! Kila chumba na rangi yake! Jikoni njano, chumbani bluu... Mungu akikupa hakupi nusu!"

Waliopaka rangi walikuwa wamekaa kwenye viti vya kwaya, na wao ndio walionyamaza kwanza. Kisha ukimya ukashuka safu kwa safu, kila mtu akimtazama jirani yake kuona kama amesikia alichosikia. Mama Funguo alibaki na maikrofoni, anatabasamu, hajui kwa nini kanisa limepoa. Mama Pasi alikuwa bado anapiga makofi. Mikono iliendelea kidogo yenyewe, kisha Fundi akaishika.

*

Afisa nyumba alikuwa kijana mwenye shati safi na meza isiyo safi. Hakuwa mtu mbaya. Aliwakaribisha viti, Mama Pasi na Mzee Ratiba, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Nilifika pale mara tatu," alisema. "Siku za kazi. Mlango umefungwa, dirishani naona ndani hamna hata kijiko. Makopo ya rangi tu. Nikajua hawa wanaitengeneza wapangishe."

"Sisi?" alisema Mama Pasi.

"Mama, mimi nitajuaje? Wote hufanya hivyo. Nikabandika tangazo mlangoni, karatasi nyekundu, kubwa hivi. Mje ofisini mjieleze. Hamkuja."

"Hatukuona tangazo lolote."

"Niliibandika kwa gundi, mama. Ile hata mvua haiitoi."

Mzee Ratiba alikohoa. Akatoa leso, akafuta paji la uso, akairudisha, akaitoa tena. Ndipo Mama Pasi alipokumbuka vijana wakijisifu siku moja jinsi walivyohangaika kubandua karatasi ya matangazo ya watu mlangoni, wakaikwangua kwa kisu, wakapiga msasa, na juu yake wakapaka kijani mara mbili.

"Mlikuwa mnalala wapi?" afisa aliuliza.

"Kanisani."

"Na vitu?"

"Kanisani."

"Kwa nini hamkuja kutuambia? Neno moja tu. Ruhusa ya ugonjwa ipo. Ningeandika hapa, mkakaa hata mwaka."

Mama Pasi alimgeukia Mzee Ratiba ili ajibu yeye. Mzee alikuwa anasoma kalenda ya ukutani, na kalenda yenyewe ilikuwa ya mwaka jana.

"Na huyo mama aliyepewa," afisa alisema, akipunguza sauti, "amekuja hapa mpaka walinzi wanamwita shangazi. Hakuwahi kunililia wala kunipigia kelele. Anauliza tu, mwanangu, nimesogea? Mimi siwezi kumfuata sasa nikamwambia lete. Nendeni bodi ya rufaa. Funguo hazijatolewa bado, kwa hiyo mna bahati kidogo."

Njiani kurudi, Mzee Ratiba alisema kila jaribu lina mlango wa kutokea. Mama Pasi aliongeza mwendo. Alikuwa amemkasirikia, na zaidi alikuwa amejikasirikia mwenyewe, kwa lile neno alilolitamka mbele ya maikrofoni.

*

"Akae alikozoea," Fundi alisema usiku huo huku akijikuna ndani ya plasta kwa kijiti. "Si ana pa kulala yule? Ametulia zake humohumo kanisani."

"Na sisi tuko humohumo."

"Sisi tulikuwa na nyumba! Kuna tofauti ya mtu asiyenacho na mtu aliyenyang'anywa. Yule hatapoteza kitu. Ile nyumba hajailalia hata siku moja."

Mama Pasi alikubaliana naye. Tusimsingizie utakatifu. Aliitaka nyumba yake vile mtu anavyotaka maji. Alitaka kufunga mlango na asisalimiwe. Alitaka binti yake avue sare bila kwanza kuning'iniza shuka dirishani. Alikuwa ameishi mle ndani tangu binti hajazaliwa, anajua bawaba ipi inalia na jua linaingilia wapi, na sasa kila akifumba macho alimwona mtu mwingine anafagia jikoni kwake, penye ukuta wa njano ambao yeye mwenyewe hata kuuona hajauona.

Asubuhi walikutana bombani, haikwepeki. Mama Funguo alikuwa analowesha matambara ya kudekia. Alipomwona mwenzake alisimama wima, matambara yakimchuruzika miguuni.

"Mimi sikujua, dada. Nilipewa namba tu. Na kwako sijawahi kufika."

"Ungejua, ungefanyaje?"

Mama Funguo alifikiri. Akakamua tambara moja.

"Sijui," alisema.

Mama Pasi aliondoka bila kuchota maji. Angependa adanganywe. Angeambiwa ningekataa, dada, angejua pa kuanzia.

Siku moja kabla ya rufaa, mchungaji alimwita Mama Funguo ofisini. Alikuwa mtu mpole, wa sauti ya chini, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akigomba. Walikaa muda mrefu. Kupitia dirisha la chumba cha wageni Mama Pasi alimwona mwanamke yule akitoka, akachukua ufagio, akafagia uwanja wote, kisha akarudi mwanzo akaufagia tena. Jioni mchungaji alipita akasimama mlangoni.

"Tumeongea vizuri sana na mama," alisema. "Muwe na amani. Mungu ameshagusa moyo wake."

Fundi alimshukuru. Walipobaki wenyewe alikuwa karibu kuimba, akaanza kusema watakavyopanga meza. Mama Pasi alipata usingizi mzuri usiku huo, wa kwanza kwa muda mrefu, na hata hilo lilimsumbua alipoamka.

*

Chumba cha rufaa kilikuwa na meza ndefu na feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Alimsikiliza mchungaji kwa heshima, na mchungaji aliongea vizuri, kama kawaida yake. Alisema jumuiya ni mwili mmoja, kiungo kimoja kikiumia vyote vinaumia. Alisema kanisa halikutelekeza nyumba, lilikuwa linauguza mgonjwa. Kosa lao, kama ni kosa, ni la kupenda kupita kiasi.

"Mchungaji," mwenyekiti alisema, "si nyie mliokuja hapa na vitambaa?"

"Ni sisi."

"Mlisema tusimwonee mtu haya. Nakumbuka, maana mlituimbia hapo nje kutwa."

"Tulisema. Leo tunaomba huruma."

"Huruma iko. Nyumba ndiyo moja."

Mwenyekiti alivaa miwani, akapekua, akaivua. Akaeleza polepole, kama anayewaelekeza wageni njia. Aliyepewa nyumba akijitoa mwenyewe, kwa hiari yake, kabla ya kupokea funguo, bodi inaweza kumrudishia mwenye nayo wa kwanza. Anayejitoa anarudi kwenye foleni.

"Pale alipokuwa?" mchungaji aliuliza.

"Mwisho. Mlitaka foleni isirukwe na mtu kwa sababu yoyote. Hairukwi."

Kwa haki yake, ilionekana mchungaji hilo hakulijua. Lakini alikuwa ameshafika katikati ya safari, na nyuma yake walikuwa Fundi na magongo yake, na Mzee Ratiba, na kanisa zima lililokuwa linafunga na kuomba siku ile. Akageuka.

"Mama," alimwambia Mama Funguo kwa upole, "waambie ulichoniambia jana."

Mama Funguo alisimama. Alikuwa amevaa gauni la Jumapili.

"Nilisema nitafanya kama mchungaji atakavyoona."

"Hapana, mama, sema ya moyoni mwako."

"Nimekubali," alisema Mama Funguo. "Warudishiwe. Mimi nashukuru tu."

Mama Pasi aliijua sauti ile. Aliijua kwa sababu ilishawahi kumtoka yeye mwenyewe, hivyohivyo, bapa kabisa, kama kitu kilichopigwa pasi. Hiyo ndiyo sauti ya mtu anayetendewa wema au anayeombwa wema na watu ambao hawezi kuwanyima. Mwanamke yule alilala kwa mchungaji, akala kwa mchungaji, funguo alizoshika zilikuwa za mchungaji. Angesema nini?

Mwenyekiti alishachukua kalamu. Kukaa kimya kulikuwa rahisi, kulitaka mdomo ufungwe tu. Fundi alimgusa goti kwa furaha. Nyumba ilikuwa pale, imerudi, na Mama Pasi akauona mlango wake, akajiona anaingia na anaufunga. Alihesabu sababu zote za kunyamaza na zote zilikuwa za kweli.

"Mwenyekiti," alisema. "Huyu hajakubali."

"Amekubali, mama. Tumemsikia wote."

"Mtoeni mchungaji nje, halafu mumuulize tena."

"Wee mwanamke!" Fundi alisema.

Feni ilizunguka. Mchungaji alikuwa amemkazia macho Mama Pasi, si kwa hasira, kwa mshangao wa mtu aliyeguswa mahali asipotarajia. Mwenyekiti aliweka kalamu chini.

"Mchungaji, samahani. Na wewe mzee."

"Na mume wangu," alisema Mama Pasi, akisimama. "Na mimi."

*

Kwenye korido kulikuwa na benchi moja, na watu wa foleni wameliketia. Walimpisha Fundi kwa sababu ya magongo. Fundi aliketi, akamtazama mkewe kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama, akageuza uso ukutani.

"Umefanya nini?" alisema, akiuambia ukuta. "Hebu niambie. Umefanya nini?"

Mama Pasi alikuwa ameshaanza kujuta. Alijuta kabla mlango haujafungwa vizuri nyuma yao. Na kuna jambo jingine ambalo hakumwambia mtu: alipokuwa anatoka mle ndani alitumaini kwamba Mama Funguo, akiulizwa peke yake, atakataa nyumba hata hivyo. Angesema hapana, wapeni wenyewe. Basi Mama Pasi angekuwa na nyumba yake na usingizi wake pia. Alisimama pale koridoni akiomba kwa nguvu zote iwe hivyo, na hakuona aibu kuomba.

Mlango haukuchukua muda. Afisa nyumba ndiye aliyeufungua, yule kijana wa shati safi.

"Amesema anaitaka," alisema. Akawatazama, akaona aongeze kitu, akakosa. "Amesema anaitaka sana. Yuko ndani analia. Amesema msimchukie."

Fundi aliinama akaficha uso. Mzee Ratiba, ambaye ukimya ulimuumiza kuliko watu wengine, alipiga hatua mbele akatoa kalamu mfukoni.

"Sasa," alisema. "Tusivunjike moyo. Kuna ndugu mmoja ana chumba cha uani, kina paa zuri, nitaongea naye leo. Vijana watahamisha vitu Jumamosi. Jumapili tunatangaza, tunaanzisha mchango, mama atasimama mbele..."

"Mzee," alisema Mama Pasi.

"Naam, mama."

"Safari hii mniulize kwanza."

Mzee Ratiba alirudisha kalamu mfukoni. Alimtazama mchungaji kwa msaada. Mchungaji alikuwa ameegemea ukuta, koti mkononi, na alionekana amechoka kuliko mtu aliyeongea tu. Akasogea mpaka mbele ya Mama Pasi, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza kwenye mlango.

"Mama yangu," alisema, "unataka nini?"

"Nyumba yangu," alisema Mama Pasi. "Nataka nyumba yangu." Na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kwenye korido ile ya serikali, watu wa foleni wakimtazama na wengine wakitazama chini. "Ile ile. Na ukuta wake wa njano. Sitaki nyingine."

Mchungaji alivuta pumzi ya kujibu. Maneno alikuwa nayo mengi, ya faraja na ya ahadi, miaka yote hayakuwahi kumwisha. Safari hii hakuyatoa. Alikaa chini sakafuni karibu na miguu yake, na suti yake ya ibada, akanyamaza naye mpaka alipomaliza.